Picha ya ndege imeharibika? Isome kabla hujailaumu lenzi

Picha za ndege zilizopigwa kwa lenzi ndefu huharibika kwa sababu chache, ila sababu hizo zinafanana sura. Ukitazama kioo kidogo cha kamera unaona tu kwamba picha haijakaa sawa, na wa kwanza kulaumiwa ni lenzi. Mara nyingi lenzi haina kosa. Kosa liko kwenye kasi ya shata (lile pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia), kwenye hewa iliyo kati yako na ndege, au kwenye jua lililokaa upande usiokufaa.

Kila kosa huacha alama yake. Fungua picha mbaya kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, na usimtazame ndege peke yake. Tazama tawi alilokalia, majani ya nyuma yake, nyasi za mbele, na vitone vya mwanga juu ya maji. Hao ndio mashahidi. Ukishasikia wanachosema, badilisha kitu kimoja tu, piga tena, linganisha. Anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo hajui kilichomsaidia wala kilichomharibia.

Kila kitu kimeburuzika

Vitone vya mwanga vimegeuka vistari, na vistari vyote vimelala upande mmoja. Tawi limeburuzika, ndege ameburuzika, majani nayo vilevile. Aliyetikisika hapo ni wewe. Lenzi ndefu humkuza ndege, na kwa kiwango hicho hicho huukuza mtikisiko wa mkono.

Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isishuke chini ya moja kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 500, basi angalau 1/500 ya sekunde. Kwa kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea picha) kidogo, kile kinachokuza picha mara 1.5, hesabu kama milimita 750, yaani karibu 1/800. Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu. Kihisi cha leo chenye megapikseli 45, ukikikuza asilimia 100, kinaanika mtikisiko ambao kwenye karatasi ya kawaida usingeonekana. Kwa hiyo ichukue kama sakafu: ukiweza kwenda juu yake, nenda.

Kidhibiti mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi au kamera kinasaidia hapa, na ni hapa tu. Kinautuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Ukifunga lenzi kwenye stendi imara ya miguu mitatu, baadhi ya lenzi za zamani hutaka kidhibiti kizimwe, maana hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuishia kuuzalisha zenyewe. Na ukiwa unamfuata ndege anayepita kutoka kushoto kwenda kulia, lenzi nyingi zina hali ya pili inayotuliza juu na chini pekee, ikakuacha uzungushe kamera bila kuvutana nayo.

Stendi ni nzito na picha bado zinaburuzika? Shika mwili wa lenzi uutikise kidogo. Skrubu iliyolegea kwenye mguu wa lenzi inaharibu picha nyingi kuliko watu wanavyodhani. Usipandishe nguzo ya katikati ya stendi. Upepo ukiwa mkali, kile kikinga-jua kirefu cha mbele ya lenzi huukamata kama tanga, kwa hiyo jishushe chini au jikinge na kitu. Ukiwa ndani ya gari, zima injini na uilaze lenzi dirishani juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa punje kavu. Mfuko huo ni rahisi, na kwa lenzi nzito nauamini kuliko stendi nyingi nyepesi.

Tawi limekaza, ndege hajakaza

Tawi limekaza, yaani linaonekana wazi kila ukingo. Hapa mkono wako ulitulia, ndege ndiye aliyesogea. Ndege anayekata hewa kwa mita 10 kwa sekunde anasogea sentimita nzima ndani ya 1/1000 ya sekunde. Ukimfuata vizuri kwa kamera unapunguza mwendo wa kiwiliwili chake, lakini mabawa yana mwendo wao.

Korongo aliyesimama majini anakaza kwa 1/500 bila shida. Ndege wadogo wa vichakani hugeuza kichwa ghafla hata wakiwa wametua, na kwao 1/1000 ni salama zaidi. Ndege wakubwa warukao polepole, kama mwari au furukombe, anza na 1/1600 au 1/2000. Mbayuwayu na jamii yake wanataka 1/3200 na kuendelea, na bado utakosa nyingi.

Mwanga ukiwa mdogo usiweze kufika huko, usikate tamaa mapema. Ndege mdogo hutulia kwa kitambo kifupi sana kati ya mgeuko mmoja na mwingine. Piga mfululizo mfupi wa picha nne au tano badala ya moja moja, na kati ya hizo huenda moja ikaangukia kwenye kile kitambo. Kwa njia hiyo hata 1/160 alfajiri inaweza kutoa picha safi. Ncha za mabawa zilizofifia, kichwa kikiwa kimekaza, kwa maoni yangu si kasoro. Zinaonyesha kwamba ndege anaruka.

Kuna kilichokaza, ila si ndege

Nyasi iliyo mbele imekaza kila ukingo, au gome la mti lililo nyuma linahesabika, na ndege ni laini. Hiyo ni fokasi: lenzi imelenga ukali wake mahali pasipo ndege.

Eneo linalokaza kwenye lenzi ndefu ni jembamba mno. Kwa milimita 600 kwenye f/4 (f/ ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ndogo, tundu kubwa), ndege akiwa umbali wa mita 10, unapata takribani sentimita 7 tu, mbele na nyuma zikijumlishwa. Kwenye f/8 unapata 13 hivi. Ndege huyo huyo akija hadi mita 5, gawanya namba hizo kwa nne. Ndege mwenye mdomo mrefu akikuelekea uso kwa uso, ncha ya mdomo na jicho haviwezi kukaza pamoja, na hapo chagua jicho. Picha yenye jicho lililokaza husameheka mengi, na yenye jicho laini haisameheki hata mkia ukikaza vipi.

Kwenye kichaka tumia pointi moja ndogo ya fokasi na uiweke juu ya jicho lenyewe. Kamera za sasa zinazotambua jicho la ndege zinafanya kazi kubwa, lakini kwenye matawi mengi hudanganyika na kitobo cha mwanga au doa la mviringo kwenye jani. Ukiona kisanduku kinarukaruka, zima utambuzi huo urudi kwenye pointi moja. Pia tafuta swichi iliyo ubavuni mwa lenzi inayozuia kufokasi vitu vya karibu. Ikiwa ndege wako hawaji chini ya mita 10, iweke huko. Lenzi haitapoteza muda ikizunguka kuanzia nyasi za miguuni pako hadi upeo wa macho na kurudi.

Kwa ndege anayeruka, weka fokasi endelevu na uanze kumfuata angali mbali, akiwa kidoa. Wengi husubiri awe mkubwa kwenye kitazamio ndipo wabonyeze, na kufikia hapo kamera haina muda tena. Mbingu ikiwa tupu, tumia eneo pana la pointi. Nyuma kukiwa na miti, punguza eneo. Akipita nyuma ya matete na fokasi ikahamia kwenye matete, ingia kwenye menyu upunguze wepesi wa kamera kuhama kutoka kwa mlengwa, ili isubiri kidogo kabla ya kumtupa.

Fokasi ikitafuta mbele na nyuma bila kushika, tatizo kwa kawaida ni tofauti ndogo ya mwanga na kivuli mahali ulipoilenga. Tumbo jeusi la kunguru halina cha kushika. Lenga mpaka kati ya kifua na mandhari ya nyuma, au shingo yenye michirizi. Ukiwa na telekonveta, kile kipande cha kati ya lenzi na kamera kinachokuza zaidi, kumbuka gharama yake: ya 1.4 hukupunguzia stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ya 2 hukupunguzia stopu mbili. Lenzi ya f/6.3 inageuka f/9, kisha f/13. Kamera nyingi zenye kioo cha ndani kinachoakisi picha kwenda kwenye kitazamio (DSLR) huishia f/5.6, nyingine f/8, na zaidi ya hapo otofokasi huyumba au huacha kabisa. Zisizo na kioo hustahimili zaidi, lakini machweo nazo husitasita.

Ikiwa fokasi inakosea kiasi kile kile, upande ule ule, hata kwa jiwe lisilosogea, fanya jaribio dogo. Funga kamera kwenye stendi, fokasi kwa kitazamio cha kawaida upige, kisha fokasi kwa kutumia skrini ya nyuma upige tena. Picha ya skrini ikikaza na ya kitazamio isikaze, kamera yako yenye kioo inahitaji kurekebishwa pamoja na lenzi hiyo. Kamera nyingi za daraja la kati na la juu zina menyu ya kazi hiyo. Kamera zisizo na kioo husoma fokasi kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo tatizo hili kwa kawaida halizigusi.

Hakuna kilichokaza, na hakuna kilichoburuzika

Hii ndiyo inayowapeleka watu kuuza lenzi nzuri. Kasi ni 1/2500, stendi imara, fokasi imeshika, na bado manyoya yanaonekana kama yametazamwa kupitia glasi ya maji. Kingo zimepindapinda au zimejirudia, na mandhari ya nyuma ina michirizi ya ajabu. Picha zinazofuatana kwa mfululizo hazifanani: moja inaelekea kuwa nzuri, ya pili mbovu, ya tatu katikati.

Ni hewa. Ardhi ikipata joto kuliko hewa iliyo juu yake, hewa ya moto hupanda kwa mawimbi, na kila wimbi hupinda mwanga kidogo. Kwa lenzi fupi huoni kitu. Kwa milimita 600 unaona yote. Mchanga, lami, mapaa ya mabati na boneti ya gari lako mwenyewe ni vyanzo vikubwa. Maji nayo yamo: asubuhi ya baridi, ziwa lenye uvuguvugu chini ya hewa baridi hutoa mawimbi yale yale hata kabla jua halijapanda.

Kuthibitisha, kuza picha kwenye skrini ya kamera ikiwa juu ya stendi na ulenge nguzo au jiwe lililo mbali. Kama kingo zinachemka, hakuna mpangilio utakaokuokoa. Kasi kubwa zaidi ya shata haiondoi tatizo, inagandisha tu picha iliyokwisha kupindika. Programu za kunoa picha huongeza ukali wa kosa. Dawa ni kupunguza hewa iliyo katikati: sogea karibu, au njoo mapema. Siku ya jua kali, kuanzia saa nne asubuhi hivi, ndege aliye mita 80 juu ya mchanga mpigie picha ya kumbukumbu tu, usitarajie zaidi.

Kuna mgongano hapa unaostahili kusemwa. Tunaambiwa tulale chini ili kamera iwe usawa wa jicho la ndege, na ushauri huo ni mzuri sana. Lakini hewa inayochemka zaidi ni ile iliyogusana na ardhi. Kitwitwi aliye mita 8 utampiga ukiwa umelala bila wasiwasi. Aliye mita 50 juu ya tope lenye joto, kupiga magoti au kusimama kunaweza kukupa picha bora, hata kama mandhari ya nyuma haitakuwa laini kama ulivyotaka.

Mawimbi mengine tunayabeba wenyewe. Dirisha la gari likiwa wazi na ndani kukiwa na joto au baridi tofauti na nje, hewa mbili hukutana palepale mbele ya lenzi. Lenzi iliyotoka mahali pa joto ikapelekwa kwenye baridi ya alfajiri hupasha hewa iliyomo ndani ya kikinga-jua chake. Vua kikinga-jua, au iache lenzi nje kwa nusu saa izoee. Ikiwa ni kinyume, umetoka kwenye kiyoyozi kuingia kwenye unyevunyevu, kioo kitafunikwa na umande. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje.

Kama tatizo lipo hata kwa ndege aliye mita 6 kwenye kivuli, tazama kioo cha mbele. Je, kuna kichujio cha bei rahisi kilichofungwa kulinda lenzi? Kifungue upige tena. Kwenye lenzi ndefu kichujio duni hulainisha picha nzima na kuichafua mandhari ya nyuma. Kikinga-jua kinatosha kulinda kioo.

Usichanganye mawimbi haya na utusitusi wa vumbi au unyevu. Utusitusi huipausha picha lakini kingo hubaki zimenyooka, na huo unaweza kuupunguza ukiongeza utofauti wa mwanga kwenye kompyuta.

Ndege mweupe ameungua, ndege mweusi amekuwa kivuli

Mchukue yangeyange aliyesimama kwenye jua, nyuma yake kuna matete meusi yaliyo kivulini. Kamera inapima, inaona giza tupu lenye doa dogo jeupe, inaongeza mwanga. Yangeyange anatoka akiwa karatasi nyeupe isiyo na unyoya hata mmoja. Sasa anaruka, nyuma yake inakuwa mbingu inayong'aa. Kamera inaona mwangaza mwingi, inapunguza. Yangeyange yule yule anatoka kijivu. Jua halikubadilika, ndege hakubadilika. Kilichobadilika ni mandhari ya nyuma, na kipima mwanga hakijui lolote kuhusu ndege. Kinachotafuta ni wastani wa kijivu cha kati kwa picha nzima.

Kwa hiyo jiulize kwanza: kinachobadilika ni mwanga au ni mandhari? Jua likiwa wazi na ndege wakipita mbele ya miti, maji na mbingu kwa zamu, weka kila kitu kwa mkono na usikiguse. Kwa jua kali la mchana, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 400, f/8 na 1/1600 ni pa kuanzia kwa ndege wa rangi za wastani. Kwa mweupe pandisha hadi 1/2500 au 1/3200. Kinyume chake, mawingu yakipita na kuondoka lakini mandhari ikawa ile ile, funga kasi na tundu la lenzi, iachie kamera ISO, na uirekebishe kwa kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga. Ndege mweupe mbele ya giza, punguza stopu moja au zaidi kidogo. Ndege wa kahawia au mweusi mbele ya mbingu nyeupe, ongeza moja hadi mbili, na ukubali kwamba mbingu itapotea.

Washa onyo linalozipepesa sehemu zilizoungua na uitazame histogramu (grafu ya mwanga wa picha), lakini fahamu zinasoma nakala ya JPEG, picha iliyokwisha kuandaliwa na kamera, hata kama unapiga RAW, yaani faili ghafi la kihisi. Kupepesa kidogo mgongoni mwa ndege mweupe mara nyingi bado kunaokolewa kwenye RAW. Kwa ndege wekundu na wa manjano tahadhari iwe zaidi: chaneli ya nyekundu huungua kabla ya histogramu ya jumla kuonyesha dalili. Kama kamera yako ina histogramu ya rangi tatu, itumie hiyo.

Mwewe anayezunguka moja kwa moja juu ya kichwa chako saa sita mchana atakuwa kivuli, hata uongeze nini. Tumbo lake halina mwanga. Mngoje jua lishuke limpige chini ya bawa, au mtafute anapopita juu ya mchanga mweupe au maji, maana hivyo hurudisha mwanga juu.

Jua hilo la mchana lina dalili nyingine: jicho jeusi lisilo na hata nukta ya mng'ao, na kivuli kizito chini ya kifua. Huwezi kulitengeneza vizuri kwenye kompyuta. Wingu jembamba hulainisha hali hiyo na, nikiulizwa, wingu jembamba ndio mwanga bora kwa ndege weusi na weupe, kuliko hata ule wa dhahabu unaosifiwa kila mahali.

Rangi imekufa

Umempiga chozi dume, yule mwenye koo linalong'aa. Kwenye picha koo ni jeusi tii. Unaongeza mwanga, mwili unaungua, koo linabaki jeusi. Usihangaike na mwanga. Rangi ile inatokana na tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya zinazorudisha mwanga kwa pembe fulani tu, na ukikaa nje ya pembe hiyo hakuna rangi ya kuipiga. Jua liwe nyuma yako, na mfululizo uwe tayari: akigeuza shingo kidogo tu, koo linawaka kwa picha moja au mbili kisha linazima. Kuzi na ndege wengine wenye mng'ao wa chuma nao wako hivyo.

Rangi ya ubaridi, ya buluu, ni ya kivulini, ambako mwanga hutoka mbinguni na huweza kufika Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 7000 au 8000, wakati jua la mchana ni 5200 hadi 5500. Ukijani kwenye kifua cheupe unatoka kwenye majani yanayokizunguka. Na ule udhahabu wa mapambazuko uliouona kwa macho ukaukosa kwenye picha umefutwa na kamera yenyewe, ikijaribu kusawazisha rangi kiotomatiki. Kwenye mpangilio huo wa rangi weka alama ya jua na uiache hapo. Ukipiga RAW yote haya yanarekebishika baadaye.

Chenga nyingi

Watu huogopa ISO kubwa, wakabaki 800, picha ikatoka giza, wakaing'arisha kwenye kompyuta. Matokeo huwa na chenga nyingi, yaani vidoadoa vya ovyo, hasa vivulini. Kinacholeta chenga ni uhaba wa mwanga. ISO 3200 iliyopata mwanga wa kutosha kwa kawaida hushinda ISO 800 iliyovutwa juu stopu mbili, au katika kamera chache hulingana nayo. Chanzo kingine ni kukata picha. Ndege aliyejaza moja ya kumi ya fremu, ukimkata ajae kioo, umemkuza yeye na chenga zake. Kupunguza umbali kwa nusu kunampa eneo mara nne kwenye kihisi, na hakuna programu inayokaribia faida hiyo.

Ila kusogea kuna mpaka. Ndege akiacha kula, akinyoosha shingo, akikukazia macho au akilia kwa wasiwasi, umesogea karibu mno. Rudi nyuma taratibu. Kwenye kiota usisogee kabisa. Ndege aliyetulia hukaa muda mrefu, na mara nyingi husogea mwenyewe.

Mabawa yamepinda, vitone vya mwanga vimekatwa

Ukitumia shata ya kielektroniki, kihisi husomwa mstari kwa mstari. Kwenye kamera ambazo usomaji huo ni wa polepole, bawa linakuwa limeshahama kabla mstari wa mwisho haujasomwa, likatoka limepinda kama lisilo na mfupa. Kasi ya 1/8000 haisaidii, kwa sababu tatizo ni muda wa kusoma fremu nzima. Rudi kwenye shata ya mitambo kwa ndege warukao. Na kama vitone vya mwanga vya nyuma vinaonekana vimekatwa upande mmoja kwa kasi kubwa huku tundu likiwa wazi, huenda umeweka shata ambayo pazia lake la kwanza ni la kielektroniki. Weka mitambo kamili.

Kamera inakwama katikati ya tukio

Bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya kamera, imejaa. Memori kadi ya polepole ndiyo mshukiwa wa kwanza, na kidole kilichoganda kwenye kitufe ndicho cha pili. Chagua RAW iliyobanwa, na piga kwa mafungu mafupi.

Kila picha ni ya mkia

Tatizo hili halimo kwenye kitabu cha maelekezo cha kamera yoyote. Fokasi safi, mwanga safi, na ndege wote wanakupa mgongo. Tazama upepo. Ndege huruka na kutua wakiuelekea upepo. Upepo ukivuma kutoka mbele yako kuja kwako, kila anayeruka ataondoka akikuacha nyuma, na kila anayetua utamwona mkia.

Unachotaka ni upepo na jua vyote viwe mgongoni pako. Hapo ndege huja wakikuelekea, mabawa yamefunguka, na mwanga umewapiga usoni. Asubuhi jua liko mashariki, basi upepo wa mashariki ni siku ya kukaa upande huo wa bwawa. Upepo na jua vikipingana, kaa pembeni ili ndege wapite kwa ubavu, au hamia upande unaolitazama jua, pima mwanga kwa mbingu, na uwapige kama vivuli vyenye kingo za mwanga. Ukichagua hilo la pili, futa kioo cha mbele kwanza: alama moja ya kidole, jua likiwa mbele, hutandaza weupe fremu nzima.